Msimhesabu Miongoni mwa Marehemu

"Mrudisheni nyumbani, mpeni chakula anachokipenda." Hakuna mtu mzima wa Ufipa, hapa mkoani Rukwa, asiyejua maana ya maneno hayo. Yakishatamkwa, yawe yametoka kwa mganga mkuu au kwa ndugu aliyemsindikiza mgonjwa, mjadala umefungwa. Mama aliyekwenda Sumbawanga na uvimbe kwenye titi anarudi Msanzi, wilayani Kalambo, na karatasi inayosema saratani imeshafika kwenye mifupa au kwenye ini, na kabla hajashuka kwenye basi ukoo umeshakaa. Mtoto mdogo atachukuliwa na mama yake mkubwa kule Matai. Binti wa darasa la sita atabaki nyumbani auguze. Ng'ombe asiuzwe tena, maana atakwenda bure. Na mwenyewe asielezwe mengi, asije akakata tamaa.

Wanaotetea msimamo huu si watu wabaya. Ni wazee wa ukoo, wanajumuiya wenzetu, wahudumu wa afya, na hata wale wanaovaa fulana za waridi kila Oktoba kuhimiza wanawake wapime matiti. Wanautetea kwa huruma, na pia kwa hesabu: saratani iliyosambaa haiponi, mfuko wa kaya ni mdogo, kwa hiyo busara ni kuwaokoa walio hai. Nami naipinga hesabu hiyo tangu mstari wake wa kwanza. Mwanamke mwenye saratani ya matiti iliyosambaa yumo miongoni mwa hao walio hai. Miezi au miaka aliyobakiza ndiyo urithi mkubwa kuliko wote watakaoupata watoto wake, na anayeitupa kwa kisingizio cha kubana matumizi anawapunja hao hao watoto anaodai kuwalinda.

Tuanze na hilo la kutopona. Ni kweli. Seli za saratani zikishatoka kwenye titi na kujijengea makao kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, tiba tulizonazo leo haziwezi kuziondoa zote, na sitampa mtu matumaini ya uongo juu ya hilo. Lakini kutoka hapo hadi kusema hakuna la kufanya ni mbali sana, na watu wetu wanaparuka kwa hatua moja. Kisukari hakiponi, wala shinikizo la damu, na hakuna zahanati inayomrudisha mgonjwa wa kisukari bila dawa kwa sababu hiyo.

Tena Watanzania tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka ishirini iliyofuata tulisema maneno haya haya: hana dawa, msipoteze mali, wagaweni watoto. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Ugonjwa huo hauponi mpaka leo, lakini wapo akina mama walioanza dawa miaka ile wakiwa na watoto mgongoni, na watoto hao sasa ni watu wazima wanaowatumia mama zao fedha kwa simu. Aliyesema mwaka 2003 kwamba kumtibu asiyepona ni kutupa fedha alionekana mwenye busara. Alikuwa amekosea, na gharama ya kosa lake walilipa watoto.

Sisemi saratani iliyosambaa inatulia kama virusi vinavyotulia. Haitulii hivyo. Wapo wanaoishi miezi tu, wengi zaidi huishi miaka miwili au mitatu wakipata tiba, na wapo wanaovuka mitano, hata kumi. Marekani, kiasi cha wanawake watatu kati ya kumi huwa hai miaka mitano baada ya kuambiwa saratani yao ya matiti imesambaa. Kwetu ni wachache kuliko hao, na sababu kubwa ni kwamba tiba zinawafikia kwa kuchelewa au haziwafikii kabisa. Tukilitumia pengo hilo kama ushahidi kwamba tiba haifai, tutakuwa tunamwadhibu mgonjwa mara mbili kwa kosa la mfumo.

Na tiba yenyewe si ya ajabu kama inavyodhaniwa. Kwa wanawake wengi, zaidi ya nusu hata hapa Afrika, uvimbe wa titi hulishwa na homoni za mwili. Hao wanaweza kutumia kidonge kimoja kwa siku, tamoksifeni, dawa ya miaka mingi iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na inayotengenezwa na viwanda vingi. Waliokoma hedhi wana vidonge vya kundi jingine vinavyofanya kazi kama hiyo. Kujua nani anafaa kidonge hicho kunahitaji kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kipimwe vipokezi vya homoni katika hospitali kubwa. Wapo wanaohitaji dripu za kemo. Wapo wanaohitaji trastuzumabu, dawa iliyoingia katika orodha hiyo ya dunia mwaka 2015. Hiyo ni ghali, na sidai kwamba inapatikana kila mahali. Kwa aliye na maumivu ya mfupa, mionzi ya kikao kimoja hutuliza maumivu karibu sawa na ile ya vikao vingi. Na kwa maumivu makali ya kila siku ipo mofini ya maji, inayopatikana kwa kuchanganya unga wa dawa hiyo na maji na kunywewa kwa kipimo.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba fulani amerudishwa kwa sababu hakuna tiba, swali langu huwa moja: kinyama chake kilipimwa vipokezi? Mara nyingi hakuna anayejua. Tumemhukumu mama wa watoto wanne bila kuuliza kama kidonge kimoja kwa siku kingemfaa.

Nimemwona mtu wa aina hii kwa karibu. Shemeji yangu, mkulima wa mahindi na maharage, alikuwa na ugonjwa kwenye uti wa mgongo na kwenye nyonga. Ndoo ya maji hakuweza kuiinua tena, na jembe alikuwa ameliweka chini. Aliketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, ungo wa maharage mapajani, akichambua ya mbegu na kutenga ya kuuza, na kutoka hapo aliiendesha nyumba nzima. Vidonge vyake alivitunza kwenye kopo la Blue Band. Mwanawe wa pili alikuwa na kazi ya kuweka alama kwenye kalenda ya parokia kila mama yake anapomeza. Mama ndiye aliyejua madebe mangapi yakae mpaka Februari, nani anadaiwa kwenye kikoba, mtoto gani anakwepa hesabu na anajificha nyuma ya kikohozi. Alimtuma mumewe kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hakumpa pumzi mpaka vikaja. Miezi ambayo mofini ya maji ilikosekana, hakuweza kujigeuza kitandani, na watoto walikula bila kuzungumza. Dawa iliporudi, kelele za watoto zilirudi ndani ya siku mbili. Huyu ndiye aliyeambiwa akapumzike.

Sasa tuingie kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo wapinzani wangu wanapojiona salama. Wanasema ng'ombe atauzwa bure. Nami nakubali kwamba kaya nyingi zimefilisika. Lakini tufuate fedha ilikokwenda. Kwanza ilikwenda kwa mganga wa kienyeji, mwaka mzima au zaidi, uvimbe ukiwa bado mdogo. Kisha ilikwenda barabarani. Kutoka Sumbawanga hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 1,100, kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro; hospitali ya Bugando ya Mwanza nako si karibu. Mgonjwa hasafiri peke yake. Kuna nauli ya msindikizaji, malazi yake, chakula cha wote wawili, na siku za kusubiri jibu la kipimo huku palizi inawapita nyumbani. Sera ya nchi inaitaja saratani miongoni mwa magonjwa sugu yanayostahili msamaha wa gharama, lakini hakuna msamaha wa nauli. Aliyesafiri umbali huo, akachoshwa na foleni na kurudi mikono mitupu, atasema tiba imemfilisi. Ukiangalia vizuri, tiba yenyewe hakuipata. Kilichomfilisi ni umbali na ucheleweshaji.

Jibu la tatizo hilo haliwezi kuwa kumwacha. Jibu ni kufupisha safari. Mkoa wa Rukwa una watu zaidi ya milioni 1.5. Barabara ya lami ya kilometa 112 inatoka Sumbawanga, inapita Matai na kufika bandari ya Kasanga. Kidonge cha kila siku hakihitaji kufuatwa Dar es Salaam; baada ya daktari bingwa kuandika mpango wa tiba, kinaweza kutolewa Sumbawanga au Matai kama dawa za VVU zinavyotolewa leo katika vituo vya wilaya. Mgonjwa asafiri pale tu panapohitajika mashine au bingwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na sasa ndio wakati wa kuuliza kwa sauti kama mama wa hatua ya nne, yaani mwenye saratani iliyosambaa, yumo ndani ya kitita chake kwa matendo au kwa maandishi tu. Na mpango wa kaya maskini wa TASAF, unaopeleka fedha vijijini, unapaswa kuitambua kaya ambayo mlezi wake mkuu hawezi tena kushika jembe.

Wanaopiga hesabu ya ng'ombe husahau kupiga hesabu ya upande wa pili. Mama akilala kwa maumivu yasiyotulizwa, binti anaacha shule. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na hilo ni jambo kubwa, lakini ada iliyofutwa haimsaidii msichana aliyebaki jikoni kukanda mgongo wa mama yake. Shamba nalo linalimwa nusu, na mbegu inaliwa. Baba anaanza kukopa kwa riba. Chupa ya mofini ingeyazuia mengi ya hayo, na bei yake haikaribii hata ya mbuzi.

Kuhusu watoto, takwimu zipo na zinaumiza. Mwaka 2020, wanawake milioni 4.4 walikufa kwa saratani duniani, na watoto zaidi ya milioni moja wakabaki bila mama; kiasi cha robo ya yatima hao ni wa saratani ya matiti peke yake, na zaidi ya theluthi moja ya wote walikuwa Afrika. Utafiti uliowafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi za Afrika, zikiwamo Uganda na jirani zetu wa Zambia ng'ambo ya mto Kalambo, ulionesha kwamba kwa kila vifo 100 vya wanawake walio chini ya miaka 50, watoto 210 hubaki bila mama. Wanawake wetu hupata ugonjwa huu wakiwa vijana kuliko wa Ulaya. Wana watoto wa kunyonya, wa chekechea, wa darasa la nne. Ndiyo maana kwetu suala hili ni la kaya nzima, na kila mwaka wa nyongeza una uzito wa pekee: aliyefiwa na mama akiwa na miaka minne na aliyefiwa akiwa na saba hawabebi kumbukumbu ile ile.

Ukoo husema: ndiyo sababu tunawahamisha mapema, wasishuhudie mateso. Nauliza, mtoto aliyehamishiwa Matai amekingwa na nini? Anajua mama anaumwa, maana watoto husikia kila kinachonong'onwa nyuma ya mlango. Asichokijua ni kwa nini kaondolewa yeye. Atajijibu mwenyewe, na majibu ya watoto ni mabaya kuliko ukweli: kwamba alimkosea mama, kwamba mama hamtaki, kwamba shangazi aliyekuja msimu uliopita ndiye aliyemroga. Chuki za koo nyingi zimezaliwa hivyo. Mtoto aliyeambiwa kwa maneno mepesi kwamba mama ana ugonjwa usiopona, kwamba hauambukizi, kwamba si kosa lake wala la mtu mwingine, na kwamba kuna dawa za kumpunguzia maumivu, ana mahali pa kusimama. Anaweza hata kusaidia. Anaweza kufundishwa kwamba siku mama akisema miguu imekufa ganzi ghafla au hawezi kuzuia mkojo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, akimbie kumwita mtu mzima, kwa sababu huenda uti wa mgongo unabanwa na mama anaweza kupooza.

Kuna kazi za malezi ambazo mama peke yake anaweza kuzifanya, na zinahitaji muda na akili tulivu. Kufuatilia vyeti vya kuzaliwa RITA. Kuandika wosia mbele ya mashahidi. Kuhakikisha jina lake limo kwenye hati ya kimila ya shamba, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, na mtoto wa marehemu asiye na karatasi husukumwa pembeni ya shamba la mama yake. Kuamua yeye mwenyewe, akiwa hai na akisikilizwa, nani atamlea nani. Kikao kinachogawa watoto bila mama kuwamo kimemnyang'anya haki ambayo ugonjwa haujamnyang'anya.

Wala tusidhani hukumu hii ni ya vijijini tu. Mwaka 2007 Elizabeth Edwards, mke wa mwanasiasa aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, alitangaza kwamba saratani yake ya matiti imeingia kwenye mifupa. Alikuwa na watoto wawili wadogo nyumbani. Nchi nzima ikaanza kumwamulia: akae nyumbani, aache kampeni, asubiri. Yeye aliendelea kulea, kuandika na kusema hadharani kuhusu bima ya afya, mpaka alipofariki Desemba 2010. Alikuwa tajiri na alikuwa na kila dawa, hilo nalijua. Lakini haki ya kuamua atautumiaje muda wake haikutokana na utajiri, na mama wa Kalambo anayo haki ile ile.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wapangaji wa afya, nami nitaijibu kwa heshima inayostahili. Wanasema: fedha ni chache, na kila shilingi inayokwenda hatua ya nne inatolewa kwenye kampeni ya kugundua saratani mapema, ambako mtu huponywa. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini, iliyotolewa mwaka 2017, ilionesha kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwao, takwimu hiyo ni sababu ya kuelekeza nguvu zote kwenye kupima mapema.

Mimi naisoma tofauti. Kama wanane kati ya kumi hufika wakiwa wamechelewa, basi hao ndio wagonjwa wetu. Mpango wa saratani unaowaweka kando hao ni mpango wa wachache. Lakini kuna jambo zito zaidi. Kwa nini wanawake wanachelewa? Umbali upo, umaskini upo, mganga yupo. Ila ukikaa nao kwenye kisima au baada ya misa utasikia sababu wanayoitaja wao: kila aliyekwenda hospitali na titi alirudi kufa. Hakuna bango la Oktoba linaloweza kushindana na ushahidi huo wa macho. Mwanamke aliyeona jirani yake akikatwa titi, akirudishwa, akilia usiku bila dawa ya maumivu na kuzikwa, ataficha uvimbe wake hata kama ni mdogo kama punje ya mahindi. Akiona jirani mwenye ugonjwa uliosambaa anakaa barazani, maumivu yametulizwa, anakwenda Matai kila mwezi kuchukua vidonge na kurudi, ataamini kwamba hospitali ni mahali pa kwenda. Kumtunza aliyechelewa ndiyo kampeni yenye nguvu kuliko zote ya kuwafanya wengine wawahi. Wanaozitenganisha kazi hizi mbili wanajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kuna pia wanaodhani tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, ni jina la heshima la kukata tamaa. Hawa wajibiwe kwa ushahidi. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya kuwapa tiba shufaa mapema wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, sambamba na tiba ya kawaida. Huzuni ya wagonjwa hao ilipungua, waliishi kwa nafuu zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi: kiasi cha miezi 11.6, wenzao wakiishi 8.9. Mtu asiyeumwa hula, hulala, hutembea, na mwili wake huhimili dawa. Ni saratani nyingine, lakini sijaona sababu ya kudhani kwamba mama wa Msanzi hafaidiki akilala usingizi.

Kuhusu mofini, aibu ni ya dunia nzima. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini hupata tani 0.1. Lakini jirani yetu Uganda alikataa kusubiri. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ikachanganywa huko huko, na mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliofunzwa maalumu waruhusiwe kuiandika, kwa kuwa madaktari vijijini hawakutosha. Hapa kwetu hospitali za KKKT, Selian ya Arusha ikiwa ya mfano, zimeonesha kwamba timu inaweza kumfuata mgonjwa nyumbani kwake. Kwa hiyo hofu kwamba mofini ni ya mabingwa wa mijini tu haina msingi. Hofu nyingine, kwamba mgonjwa atakuwa teja, nayo imejibiwa na miaka mingi ya matumizi: anayepewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu ya saratani si mlevi, na kuanza mofini si ishara kwamba amebakiza siku mbili.

Nimwelekee sasa anayesema huu ni uchawi, kwamba mgonjwa amerogwa. Mkoa wetu umebebeshwa jina la uchawi nchi nzima, na sisi wenyewe tumelibeba kama sifa. Saratani ni seli za mwili wenyewe zilizoharibika na kuanza kuzaana bila mpaka. Inawapata matajiri wa London na mapadri, inawapata hata wanaume wachache kwenye titi. Kila mwezi unaopotea kumtafuta aliyeroga ni mwezi ambao uvimbe unakua, na mara nyingi mwisho wake ni bibi kizee asiye na hatia kufukuzwa kijijini. Na ndugu zangu wa maombi, ambao nasali nanyi, nawaomba msimwambie mama huyu kwamba imani yake ikitosha atapona. Saratani ikisonga mbele, atadhani Mungu amemkataa. Mwombeeni, mpigieni magoti, kisha mchangieni nauli. Adrien Atiman, ambaye hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake, alikuwa katekista na tabibu kwa pamoja kule Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika maisha yake sala na dawa havikugombana.

Wanaume wenzangu nao niwaambie bila kuficha. Wapo waliomrudisha mke kwao baada ya titi kukatwa, na wapo waliooa mwingine kabla kidonda hakijakauka, wakisema nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke. Nyumba ilikuwa na mwanamke. Kilichotakiwa ni wewe kuinua ndoo. Mfipa huanza kupalilia akijua mvua zitakatika mwezi fulani, na hajawahi kuacha shamba kwa sababu msimu una mwisho. Umpe mkeo angalau uaminifu unaoupa mahindi.

Ninachodai ni vitu vya kawaida, vinavyowezekana ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Hospitali ya Matai iwe na mofini ya maji miezi yote kumi na miwili, na watumishi waliofunzwa kuiandika na kuitoa. Hospitali ya rufaa ya mkoa Sumbawanga iwe na siku maalumu ya kliniki ya saratani, ihakikishe kila kinyama kinachotumwa kinarudi na majibu ya vipokezi, na itoe vidonge vya kila mwezi hapo hapo. Mgonjwa arudi kutoka kwa bingwa na karatasi inayosomeka, yenye mpango wa tiba na namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee kama anavyomtembelea mjamzito. Mwalimu mkuu aambiwe, ili binti asifutwe shule kwa utoro. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na vikoba vyetu vichangie nauli mgonjwa akiwa hai, badala ya kusubiri kuchangia jeneza.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri dawa mpya kugunduliwa. Vyote vinasubiri uamuzi, na uamuzi una wenye nao: mganga mkuu wa wilaya, baraza la madiwani la Kalambo, mbunge, paroko, mume. Bajeti ijayo ya halmashauri itakapofika mezani, diwani wa kila kata asimame aulize ni chupa ngapi za mofini zimetengewa fedha, na ni wagonjwa wangapi wa saratani iliyosambaa katika kata yake wanajulikana kwa idadi. Asiyejua idadi hiyo amewaondoa wapiga kura wake kwenye daftari kabla ya wakati, na watoto wao wana haki ya kumuuliza kwa nini.